Kiazi cha Kijani Si Kiazi Kibichi

Kiswahili kimeyapa maneno mawili kazi ya ziada. Tunda ambalo halijafika wakati wake ni bichi, na nyama ambayo haijaonja moto ni mbichi. Tunda huiva mtini, chakula huiva jikoni. Hata rangi ya majani tunaiita kijani kibichi. Kwa vyakula vingi mchanganyiko huo hauna hatari, maana ubichi wa aina zote mbili una dawa inayojulikana: subira au moto. Kwenye kiazi mambo hayaendi hivyo. Mtu hushika kiazi chenye doa la kijani ubavuni akasema, hiki bado hakijakomaa, kiacheni siku mbili tatu. Mwingine husema hakina neno, kikichemka vizuri kijani chote kitaisha. Wote wawili wameongozwa na lugha, na wote wawili wamekosea.

Kuna maswali mawili hapa, na yanafaa kutenganishwa tangu mwanzo. La kwanza ni kama kiazi chenye kijani kinaweza kudhuru. Ndiyo, kinaweza, na moto wa jikoni hauondoi madhara hayo. La pili ni kama kiazi ambacho hakijaiva sawasawa kinaweza kudhuru. Kwa mtu mwenye afya njema, kwa kawaida kitamsumbua tumbo tu, na hapo moto ndio dawa. Anayeyachanganya hayo mawili huishia kuogopa kiazi kigumu kidogo katikati, huku akimpa mtoto kiazi cha kijani kwa sababu kimechemka nusu saa.

Nazungumzia viazi mviringo, ambavyo wengine huviita viazi ulaya au mbatata. Viazi vitamu ni vya ukoo mwingine kabisa, havitengenezi sumu hii, na majani yake huliwa bila wasiwasi. Majani ya kiazi mviringo hayaliwi. Vijitunda vyake pia haviliwi, vile vya kijani vinavyofanana na nyanya ndogo na kuonekana kwenye mmea baada ya maua. Hivyo vina sumu na watoto huvutiwa navyo.

Kijani hutoka wapi

Kiazi si mzizi. Ni shina lililonenepa chini ya udongo ili kuweka akiba ya wanga. Tazama macho yake: mzizi hauna macho, bali shina lina vifundo, na kila kifundo kinaweza kutoa tawi. Ukilishika wazo hilo, mengine yote yanaeleweka kwa urahisi. Shina likiona mwanga hufanya kazi ya shina. Ndani ya seli za kiazi kuna vifuko vidogo vya kuhifadhi wanga. Mwanga ukivifikia, vile vilivyo karibu na ganda hubadilika na kuanza kutengeneza klorofili, ile ile inayoyapa majani yote rangi yake.

Klorofili haina sumu. Kila anayekula mboga za majani anaila kwa wingi. Kwa hiyo kijani chenyewe, kama rangi, hakijamdhuru mtu.

Tatizo ni kile kinachokuja pamoja nacho. Kiazi kilichofunuliwa na udongo kimekuwa wazi kwa wadudu, wanyama na vimelea, nacho huongeza ulinzi wake kwa kutengeneza sumu za kundi liitwalo glaikoalkaloidi. Katika kiazi zipo mbili kubwa, solanini na chakonini. Mwanga huamsha kazi zote mbili, ya kutengeneza klorofili na ya kutengeneza sumu, lakini kila moja ina njia yake na mwendo wake. Hapa ndipo watu wengi, hata waandishi wa makala za afya, huteleza. Husema "kijani ndicho sumu", msomaji akaamini kwamba kiazi kisicho na kijani hakina neno na kwamba kadiri kijani kinavyokolea ndivyo sumu inavyozidi. Kijani kinaonyesha tu kwamba kiazi kimeona mwanga. Hakipimi sumu. Kipo kiazi chenye kijani cha wazi na sumu kidogo, na kipo kiazi cheupe kabisa ambacho sumu yake imepanda kwa sababu kilipondeka, kilikatwa na jembe wakati wa kuvuna, kilikaa ghalani mno, au kilichipua gizani.

Vipo pia viazi vya ganda jekundu au la zambarau, ambavyo kijani hujificha chini ya rangi ya ganda. Hivyo hukwaruzwa kidogo kwa ukucha au ncha ya kisu kabla ya kumenywa, ili kuona kilicho chini.

Jambo hili wakulima wanalijua kwa mikono. Sababu mojawapo ya kuinulia udongo kwenye mashina ya viazi, tena na tena mmea unapokua, ni kuzuia viazi vya juu visichungulie nje ya tuta. Kiazi kilichochungulia huwa kijani kikiwa bado shambani. Vingine hugeuka baadaye: kwenye gari, kwenye meza ya muuzaji, kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, au kwenye kapu lililowekwa karibu na dirisha. Siku chache zinatosha, na taa za ndani nazo hufanya kazi hiyo, si jua peke yake. Kiazi kikishageuka, kukirudisha gizani hakusaidii. Huenda kijani kikafifia kidogo kidogo, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa haikimbii nacho.

Sumu yenyewe, na hesabu yake

Solanini ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1820 na mfamasia Mfaransa aliyeitwa Desfosses, naye hakuipata kwenye kiazi bali kwenye matunda ya mmea wa jamii ya mnavu, jamaa wa kiazi. Chakonini ilikuja kutambuliwa baadaye sana, katika miaka ya 1950, na kati ya hizo mbili ndiyo kali zaidi. Zikiwa pamoja, madhara yake huzidi yale ambayo ungetarajia kwa kujumlisha tu nguvu ya kila moja.

Mwilini hufanya mambo mawili. Kwanza hung'ang'ania kolesteroli iliyo kwenye utando wa seli na kuutoboa, na seli za kwanza kukutana nazo ni za utumbo. Ndiyo sababu dalili za mwanzo ni za tumbo: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, msokoto. Pili huzuia kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kupashana habari. Dozi ikiwa kubwa, mgonjwa huumwa kichwa, mapigo ya moyo huenda mbio, shinikizo la damu hushuka, akili huchanganyikiwa. Sumu hizi pia hutoka mwilini polepole, kwa zaidi ya siku moja, kwa hiyo anayekula viazi vibaya leo na kesho na keshokutwa hujilimbikizia.

Sasa kiasi, maana hakuna sumu isiyo na kiasi. Viazi vya kawaida vilivyotunzwa vizuri huwa na miligramu 20 hadi 100 za glaikoalkaloidi katika kila kilo. Kwa miaka mingi miligramu 200 kwa kilo ndiyo iliyochukuliwa kuwa kikomo ambacho kiazi cha kuliwa hakitakiwi kukivuka. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipendekeza kwamba kiazi kikipita 100 tayari chanzo kichunguzwe. Miaka miwili kabla ya hapo, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikuwa imepitia ushahidi uliopo na kutaja miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kama kiwango cha chini kabisa ambacho dalili zimeonekana kwa binadamu.

Tupige hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 hufika kwenye kiwango hicho akila miligramu 60. Kwa viazi vyenye miligramu 50 kwa kilo, inambidi ale zaidi ya kilo moja kwa mlo mmoja, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kwa viazi vilivyofika 200, gramu 300 zinamtosha, yaani viazi viwili vya wastani. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 15 tu. Kwa viazi vya 200, hizo zimo ndani ya gramu 75, nusu ya kiazi. Hesabu hii ndiyo iliyonifanya niache kusema "kidogo hakiui" kila ninapoona kiazi cha kijani. Kwangu mimi huenda ni kidogo, lakini kwa aliyekaa upande wa pili wa meza, ambaye miguu yake haijafika chini, si kidogo.

Sumu haikai sawasawa ndani ya kiazi. Imejaa kwenye ganda na milimita moja au mbili chini yake, kuzunguka macho, na palipopondeka. Nyama ya katikati ina kidogo sana. Machipukizi ndiyo hatari kuliko yote, kwani kilo moja ya machipukizi inaweza kubeba miligramu 2,000 na zaidi. Tukirudi kwa mtoto wa kilo 15, gramu saba au nane za machipukizi zinamfikisha pale pale. Hakuna sababu yoyote ya kuyala wala kuyasaga kwenye supu.

Tukio lililofundisha wengi

Mwaka 1969, katika shule moja ya wavulana kusini mwa London, wanafunzi 78 waliugua baada ya chakula cha mchana. Dalili zilianza saa 7 hadi 19 baada ya kula: kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo, homa, na kwa baadhi yao kuchanganyikiwa. Kumi na saba walilazwa hospitalini. Uchunguzi ulielekea kwenye viazi, na ikagundulika kwamba gunia moja lilikuwa limebaki tangu muhula wa kiangazi, likatumika muhula mpya ulipoanza. Viazi vilikuwa vimepikwa kama kawaida. Wavulana wote walipona, na taarifa ya kitabibu kuhusu tukio hilo ilichapishwa mwaka 1979.

Katika kisa hicho yapo mambo mawili ninayoona yana uzito kuliko idadi ya wagonjwa. La kwanza ni ule muda. Mtu aliyekula mchana akaanza kutapika usiku wa manane hatalaumu kiazi. Atalaumu maji, nyama, au ugonjwa unaozunguka mtaani. Dalili zinafanana na za magonjwa ya kawaida ya tumbo kiasi kwamba visa vidogo vya nyumbani, vya mtu mmoja au wawili, hupita bila kutambuliwa. La pili ni kwamba viazi vilipikwa. Hakuna aliyekula kibichi.

Vifo ni vichache mno. Taarifa moja ya mwaka 1918 kutoka Glasgow inaeleza watu 61 waliougua kwa viazi, na mmoja wao, mtoto, alifariki. Katika mazingira ya leo, ambapo viazi hupangwa na kuchaguliwa kabla ya kuuzwa na watu hutupa vilivyooza, jambo la kutarajia ni usiku mbaya wa tumbo, si msiba. Lakini usiku mbaya wa tumbo kwa mtoto mdogo au mzee dhaifu si jambo la kupuuza, kwa sababu maji huisha mwilini haraka.

Na kuna aina ya kiazi iliyothibitisha kwamba kijani si kigezo pekee. Marekani, mwaka 1967, ilitolewa kwa wakulima aina iitwayo Lenape. Ilizalishwa kwa ajili ya krispi, ikasifiwa kwa jinsi ilivyokaangika ikawa na rangi nzuri ya dhahabu. Baadaye ikapimwa, ikakutwa na glaikoalkaloidi kupita kiasi, bila kasoro ya mwanga wala ya kuhifadhi. Ilikuwa asili yake tu, iliyorithiwa kutoka kwa jamaa wa mwituni aliyetumika kuizalisha. Kufikia 1970 ikaondolewa. Tangu hapo watafiti wanaozalisha aina mpya za viazi hupima sumu hizi kabla ya kuzitoa.

Kwa nini moto haushindi

Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Solanini huanza kuvunjika karibu na nyuzi 170, na huhitaji kupita 230 ili ivunjike hasa. Sufuria ya maji haifiki huko hata ikichemka mchana kutwa. Kinachopungua wakati wa kuchemsha ni kile kinachovuja kuingia kwenye maji, na ndiyo sababu maji yaliyochemshia viazi vya mashaka humwagwa, hayatengenezewi mchuzi. Mapitio yale ya Ulaya ya mwaka 2020 yalikadiria kwamba kumenya hupunguza asilimia 25 hadi 75, kuchemsha asilimia 5 hadi 65, na kukaanga kwenye mafuta asilimia 20 hadi 90. Tazama upana wa makadirio hayo. Kiazi kimoja kitapoteza karibu sumu yote, kingine hakitapoteza chochote cha maana, na aliye jikoni hana njia ya kujua ni kipi. Mafuta ya kukaangia yenyewe kwa kawaida huwa chini ya nyuzi 190, na ndani ya kipande, palipo na maji, joto halizidi 100 mpaka maji yaishe.

Kuoka kiazi na ganda lake kuna mtego wake. Maji hukauka, sumu inabaki, na ganda ambalo limekuwa jembamba na tamu kwa meno ndilo lililobeba sehemu kubwa. Ganda la kiazi safi, kigumu, kisicho na kijani halina tatizo kwa mtu mzima anayelila mara moja moja. La kiazi chenye kijani lisiliwe kwa namna yoyote, liwe limeokwa au limekaangwa. Wala lisitupiwe mifugo kwa ndoo nzima nzima. Ng'ombe, mbuzi na nguruwe wameshadhurika kwa viazi vya kijani na machipukizi.

Kukata au kutupa

Swali ambalo kila mtu anataka lijibiwe ni hili. Kiazi kigumu, kizima, chenye doa dogo la kijani upande mmoja, kinaokolewa. Kimenye chote, si pale penye doa tu, kisha kata lile doa kwa kina, uondoe na nyama nyeupe kidogo kuzunguka, na uchimbe macho yaliyo karibu. Kiazi kigumu kilichoanza kuchipua vijicho vifupi hutendewa vivyo hivyo: kila chipukizi litoke na shina lake na duara la nyama lililolizunguka. Lakini kiazi ambacho kijani kimeenea, au kijani kimezama ndani kiasi kwamba umemenya ganda na bado unakiona, hakistahili kuhangaikiwa. Kilicholegea, kilichojikunja ngozi na kutoa machipukizi marefu, nacho kitupwe. Kwa chakula cha mtoto mdogo mimi sihangaiki kuokoa hata kile chenye doa dogo, natafuta kingine.

Ulimi ni mlinzi mzuri kuliko watu wanavyoamini. Glaikoalkaloidi ni chungu. Kiazi kikikaribia miligramu 140 kwa kilo huanza kuonja uchungu, na kikipita 200 huacha hali ya kuwaka kooni na mdomoni. Viungo vikali, pilipili, ndimu na mchuzi mzito huuficha uchungu huo, kwa hiyo kama una shaka na viazi, onja kipande kimoja kilichochemshwa peke yake kabla ya kukiunganisha na mengine, kisha uteme. Mtoto akisema kiazi kichungu, aaminiwe. Kumlazimisha amalize sahani kwa sababu wakubwa hawasikii uchungu ni kumnyang'anya kinga yake.

Zipo rangi nyingine zinazowatisha watu bure. Kiazi kilichomenywa kikawa cha kahawia au chekundu hewani hakina sumu. Ni kimeng'enya chake kimekutana na hewa, na kukizamisha kwenye maji hutosha kulizuia hilo. Kiazi kilichogeuka kijivu baada ya kuchemshwa kimepatwa na mabadiliko ya madini ya chuma na asidi iliyomo ndani yake, nacho hakidhuru. Doa jeusi la kupondeka hukatwa, maana halina ladha na sumu huweza kupanda pale.

Wajawazito wameshikwa na hofu yao. Mwaka 1972 mtafiti James Renwick alipendekeza kwamba viazi vyenye ugonjwa wa ukungu huenda vinasababisha kasoro za uti wa mgongo na ubongo kwa watoto wanaozaliwa. Habari ilienea, lakini tafiti zilizofuata hazikuliunga mkono wazo hilo. Mjamzito anafanya kama mwingine yeyote: viazi safi ale, vya kijani aache.

Sasa ubichi wa moto

Kiazi kisichoiva ni habari nyingine. Kama ni kiazi safi, kisicho na kijani wala machipukizi, kuumwa nacho kunatokana hasa na wanga. Wanga wa kiazi umefungwa kwenye chembe ngumu ambazo vimeng'enya vyetu haviwezi kuzivunja upesi. Joto la kuanzia kama nyuzi 60 pamoja na maji hulegeza chembe hizo, zikavimba na kufunguka; ndipo kiazi kinapokuwa laini na chenye unga. Wanga usiofunguka hupita tumboni na utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, ukafika kwenye utumbo mpana ambako bakteria huusherehekea kwa kutoa gesi. Matokeo ni tumbo kujaa, kunguruma, pengine kuharisha. Hayo si sumu. Wanga wa namna hiyo, wanga sugu, kwa kiasi kidogo hata huwalisha bakteria wazuri wa utumbo.

Kiazi kibichi pia kina protini zinazozuia vimeng'enya vinavyovunja protini tumboni. Ni silaha nyingine ya mmea, lakini hii, tofauti na solanini, huharibiwa na moto. Na kwa kuwa kimetoka kwenye udongo, kiazi ambacho hakijaoshwa vizuri kinaweza kubeba vijidudu ambavyo kupika kungeviua. Kwa hiyo kipande kimoja kigumu kidogo katikati ya sahani hakihitaji daktari. Sahani nzima ya viazi vibichi itampa mtu taabu ya nusu siku.

Jambo linalowachosha wapishi ni kiazi kinachokataa kuiva. Mara nyingi lawama hutupiwa aina ya kiazi, kumbe sababu iko ndani ya sufuria. Kinachoshikanisha seli za kiazi ni pektini, gundi ya mmea, na gundi hiyo hugoma kuyeyuka kwenye asidi. Ukitia viazi kwenye mchuzi wa nyanya nyingi au ndimu kabla havijalainika, vitabaki vigumu kwa muda mrefu mno. Vitangulie kuchemka kwenye maji, asidi ije baadaye. Vivyo hivyo, viazi vilivyokaa muda mrefu kwenye maji ya nyuzi 60 hivi, pengine kwa sababu moto ulikuwa hafifu, hujikaza: kimeng'enya kilichomo huifanya pektini ishikamane zaidi, na baadaye hata moto mkali hauvilainishi kama inavyotakiwa. Mahali pa juu milimani maji huchemka chini ya nyuzi 100, kwa hiyo muda huongezwa. Kipimo ni kisu chembamba kufika katikati ya kipande kikubwa kuliko vyote bila kukwama. Kipande kidogo kilichoiva hakithibitishi chochote kuhusu kikubwa.

Kiazi kilichoiva nacho kina hatari yake, na ni kubwa kuliko ile ya kiazi kigumu. Udongo una chembe za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo hazifi kwenye nyuzi 100. Kiazi kikiokwa kimefungwa kwenye karatasi ya alumini, kisha kikaachwa kimefungwa hivyo hivyo kwenye joto la kawaida, ndani yake hakuna hewa, kuna unyevu na kuna uvuguvugu, na hayo ndiyo mazingira anayoyapenda bakteria huyo. Mwaka 1994, huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu baada ya kula kitoweo cha kuchovya kilichotengenezwa kwa viazi vilivyookwa kwenye karatasi hiyo na kuachwa nje kwa siku kadhaa. Botulizimu hupooza misuli, hata ile ya kupumulia. Kwa hiyo karatasi ifunguliwe mara kiazi kinapotoka jikoni, na viazi vilivyopikwa visikae nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuingia kwenye friji.

Viazi ambavyo havijapikwa vinapenda giza, ukavu, hewa na ubaridi wa wastani, kati ya nyuzi 7 na 10 ukiweza kuupata. Gunia la kitambaa au mfuko wa karatasi ni bora kuliko plastiki inayopitisha mwanga. Kwenye baridi kali ya friji wanga huanza kugeuka sukari, na sukari hiyo ikikaangwa au kuokwa huongeza akrilamaidi, kemikali ambayo watafiti wa Sweden waliitangaza mwaka 2002 kuwa inajitengeneza kwenye vyakula vya wanga vinavyopikwa kwa joto kali. Viazi vya kuchemsha havina shida hiyo. Nunua kiasi cha kumalizika, kwa maana hata gizani muda huleta machipukizi.

Kama mtu amekwisha kula viazi vya kijani na yuko salama, asitapishwe; aangaliwe mpaka kesho yake, mkikumbuka kwamba dalili huweza kuchelewa. Akianza kutapika au kuharisha, apewe maji kidogo kidogo pamoja na chumvi na sukari za kurudishia maji mwilini. Hakuna dawa inayoiondoa solanini moja kwa moja. Hospitalini hutibu dalili na kurudisha maji. Mtoto mdogo, mzee, mjamzito, au yeyote anayeonekana kuchanganyikiwa, kusinzia isivyo kawaida au kushindwa kubakisha maji tumboni, apelekwe bila kungoja asubuhi, na aliyempeleka abebe kiazi kilichobaki au maganda yake. Daktari asiyeonyeshwa ganda atafikiria ugonjwa mwingine wa tumbo, na atakuwa na haki ya kufikiri hivyo.